Kuwashawishi wazazi wachangie uji wa shuleni

Dada, umesema Jumamosi utasimama tena mbele ya wazazi kuomba mchango wa uji wa wanafunzi, na kwamba mara iliyopita takwimu zako zilikuwa sahihi lakini hakuna aliyetoa kitu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtu hushawishika kwa njia tatu: kumwamini msemaji, kuguswa moyo, na kuikubali hoja yenyewe. Wewe ulikwenda na ya tatu peke yake.

Anza na imani. Kwenye michango yetu swali la kwanza ni pesa atashika nani. Lijibu kabla halijaulizwa: mweka hazina ni nani, daftari atakagua nani, wewe mwenyewe umeshatoa kiasi gani.

Kisha hisia, bila kuwatisha watu. Waeleze kuhusu mtoto mmoja, usimtaje jina, anayetoka nyumbani alfajiri hajala kitu na saa nne amelala juu ya dawati. Hapo nyamaza kidogo. Aristotle aliona pia kwamba si lazima msemaji aseme kila hatua ya hoja. Ile iliyo wazi msikilizaji huijaza mwenyewe. Usiwaambie kwamba njaa inawafelisha watoto wao. Watafika hapo wenyewe, na ni vigumu mtu kubishana na wazo lake.

Takwimu mbili zinatosha: gharama ya mtoto kwa siku, na kwa muhula. Halafu omba jambo moja tu, na majina yaandikwe papo hapo kabla watu hawajatawanyika.