Nyanya yangu ni Mkristo: niende kumzika?

SWALI: Assalaam alaykum, shehe. Mimi ni kijana wa Kadutu, hapa Bukavu. Nilisilimu mwaka jana. Mama na ndugu zake wote ni Wakatoliki. Mjomba ananiita mtumwa wa Waarabu, anasema dini hii ililetwa Kongo na Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa kutoka Zanzibar, kwa bunduki na minyororo. Ndugu wa kundi letu la WhatsApp nao wanasema mama ni kafiri, nisile chakula chake. Nimenunua mbabula na sufuria yangu, napika sambaza peke yangu, mama ananitazama tu. Sasa nyanya aliyenilea amefariki, anazikwa Jumamosi. Kundini wanasema nikienda nimeritadi, yaani nimetoka katika dini, tena nifanye hijra, nihamie kwa mujahidina wa porini upande wa Beni. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Barua nyingine nimeziweka kando kwa sababu Jumamosi iko karibu, na kwa sababu ya hilo neno lako la mwisho.

Nenda ukamzike nyanya yako. Shika jembe, beba jeneza, toa mchango wa matanga, kaa na wajomba zako. Ibada ya misa si yako, hilo unalijua. Abu Talib, ami yake Mtume, alipokufa bila kusilimu, Mtume (s.a.w.) alimwamuru Ali aende akamzike baba yake. Jeneza la Myahudi lilipopita alisimama, walipomwambia ni la Myahudi, akauliza: "Kwani si nafsi?" Anayedai umeritadi alete dalili. Sauti iliyorekodiwa kwenye simu si dalili.

Na chakula cha mama yako kile. Surat al-Maida, aya ya 5, imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu. Nguruwe na pombe ndivyo vya kuacha. Asmaa binti Abu Bakr alitembelewa na mama yake, mshirikina kabisa, akamuuliza Mtume kama amuunge. Akajibiwa: ndiyo, muunge mama yako. Wako anamwamini Mungu na amekuzaa, nawe unamwonyesha sufuria!

Sasa hiyo wanayoiita hijra. Hijra ya kwanza ya Waislamu, yapata mwaka 615, ilielekea bara letu hili, Habasha (Ethiopia), kwa mfalme Mkristo. Jaafar bin Abi Talib alimsomea Surat Maryam, mfalme akalia, akakataa kuwarudisha kwa Makureshi. Uislamu uliingia Afrika ukiwa mgeni anayeomba hifadhi, hata Madina haijawa mji wa Waislamu. Leo kijana ambaye hata Fatiha hajainyoosha anakuhubiria kuwakimbia Wakristo kwa jina la hijra hiyohiyo! Na hao wa porini anaowasifu: mwezi wa tano 2021, Shehe Ali Amini, aliyewakemea waziwazi, alipigwa risasi msikitini Beni wakati wa sala. Waulize kundini, naye alikuwa kafiri? Wanakijiji wanaokatwa mapanga shambani wamempiga nani vita?

Mjomba wako usimjibu kwa kukana. Nyangwe na Kasongo, huko Maniema, palikuwa na masoko ya watumwa, na wafanyabiashara wale walikuwa Waislamu. Kama unataka kumkumbusha kwamba mwaka 1887 ni Leopold II aliyempa Tippu Tip ugavana wa Stanley Falls, mkumbushe, lakini hilo halimtakasi mtu. Katika hadithi tukufu Mwenyezi Mungu anasema atakuwa hasimu wa mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Hukumu ya Tippu Tip ni hiyo, imo ndani ya dini yetu. Yeye alifuata pembe za ndovu na watu. Mabwana wale wa watumwa walishindwa na jeshi la Leopold katika vita vya 1892 hadi 1894, na bunduki zao zikaisha, lakini watu wa Maniema wakaendelea kuswali chini ya Wabelgiji waliowashuku. Nani aliwalazimisha?

Majeshi ya Waislamu yaliingia Misri, sikatai, ila Wakopti, Wakristo wa huko, na makanisa yao wapo hadi leo. Kilwa, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na dola ya Mali ya mfalme Mansa Musa, dini ilisafiri na wafanyabiashara na walimu. Mwanachuoni Ahmad Baba wa Timbuktu aliandika mwaka 1615 kwamba rangi nyeusi haimfanyi mtu mtumwa. Msome huyo, mwanangu, uone mjomba wako na kundi lako wanavyokubaliana bila kujua: wote wanaamini Uislamu ni upanga, mmoja anauchukia na wengine wanautamani.

Najua kwa nini sauti zile zinakuvuta. Nyumbani unatukanwa, kazi huna, kule wanakuita simba. Lakini msikitini umejifunza nini tangu usilimu? Tafuta mwalimu unayemwona uso, anza na Fatiha, kisha sira, yaani maisha ya Mtume.

Toka katika kundi hilo leo. Aliyekutajia safari usibishane naye. Namba yake mpelekee imamu wako, uende na mtu mzima wa familia, hata mjomba huyohuyo. Na kama amekutumia nauli, usiiguse.