Jibu: Kama kafala (mfumo unaomfunga mfanyakazi wa kigeni kwa tajiri, yaani mwajiri wake) ililegezwa Saudia 2021, mbona dada wa kazi bado amefungwa kwa tajiri?

Mkuu, umeuliza swali zuri. Mabadiliko ya tarehe 14 Machi 2021 yaliwahusu walio chini ya sheria ya kazi, na sheria hiyo haiwagusi wafanyakazi wa ndani. Vyombo vya habari vilitangaza "kafala imekwisha", watu wakashangilia kabla ya kusoma maandishi madogo.

Fundo lenyewe ni iqama, kibali cha ukaazi. Kimesajiliwa kwa jina la tajiri. Dada akitoka nyumbani, hata kama hajalipwa, tajiri anaweza kumripoti kuwa mtoro. Wenyewe wanaita huruub. Hapo ndipo wengi wanaponaswa: mdai mshahara anageuka mhalifu wa uhamiaji. Kwa hiyo anayetaka kuondoka atangulie kulalamika ubalozini au idara ya kazi, kabla hajaripotiwa.

Mwambie apige picha ya pasipoti, mkataba wa Musaned (mfumo wa serikali ya Saudia wa mtandaoni wa kuajiri wafanyakazi wa ndani) na iqama (namba yake ina tarakimu 10, inaanza na 2), kisha awatumie ndugu. Simu hunyang'anywa. Mshahara upitie benki. Wa mkononi hauna ushahidi. Na kushikiliwa pasipoti, ingawa kumezoeleka, ni marufuku hata huko.