Barua kwa mwanangu: dakika 12 na mchoro mmoja

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza slaidi 31 utazimalizaje kwa dakika 12 kwenye kongamano la KICC jijini Nairobi, na utamjibu nini atakayesema ng'ombe 240 ni wachache mno kwa utafiti wa jeni za kuhimili ndigana kali.

Zibakishe 9. Kazi ya maabara, uliyoipa slaidi 8, inataka sentensi mbili tu: damu ilitolewa kwa ng'ombe wangapi, na DNA ikasomwa kwenye alama 50,000, yaani sehemu ambazo ng'ombe hutofautiana. Slaidi zile nyingine zihamishie nyuma ya slaidi ya shukrani, uzifungue ukiulizwa. Ugonjwa wenyewe upe dakika moja. Kijidudu cha Theileria parva na kupe wa sikio wa kahawia anayekieneza, wote mle ukumbini wanawajua.

Ila dakika 4 nzima ziachie mchoro wa Manhattan, ule unaofanana na majengo ya Upper Hill ukiyatazama kutoka Uhuru Park. Wengi huuonyesha na kukimbilia kilele kirefu kabla watu hawajajua wanatazama nini. Wewe anzia chini: mhimili wa mlalo ni kromosomu, kuanzia ya 1 hadi ya 29, kisha X. Halafu panda wima: kila nukta ni alama moja ya DNA, na kadiri inavyokuwa juu ndivyo inavyokuwa vigumu kusema uhusiano wake na kupona ni sadfa tu. Kisha mstari wa ukomo, ambao nukta ikiuvuka hatuihesabu tena kuwa sadfa. Baada ya hayo ndipo uonyeshe kilele. Ukishakionyesha, nyamaza kidogo, wakitazame.

Na huo mstari umeuweka pasipo pake, mama. Umeuchora kwenye 7.3, ukomo unaotumika kwa jenomu (DNA yote) ya binadamu, unaotokana na kugawa 0.05, uwezekano wa kukosea tunaouvumilia, kwa majaribio milioni moja. Wewe umepima alama 50,000. Gawa 0.05 kwa 50,000 upate 0.000001, yaani 10 kwa kipeo cha -6; mhimili wa wima huonyesha kipeo hicho bila alama ya kutoa, kwa hiyo mstari wako ukae kwenye 6. Mtaalamu wa takwimu ataliona kosa hilo hata akiwa kiti cha nyuma.

Swali litakaloumiza kuliko la idadi ni la asili ya ng'ombe. Kama wengi wasiopona ni chotara wa Friesian na wengi waliopona ni Boran, basi alama yoyote inayotofautisha Friesian na Boran itajitokeza kama ndiyo kinga, hata kama haihusiani na ndigana kabisa. Kwa hiyo onyesha kwamba uliurekebisha uchambuzi kwa asili na undugu wa ng'ombe, na weka pembeni mchoro wa QQ, unaolinganisha matokeo yako na yale ambayo sadfa tupu ingetoa: nukta zifuate mstari wa mshazari, zijitenge mwishoni tu. Zikianza kupanda mapema, asili bado inakudanganya. Rudi kwenye uchambuzi kabla ya kupanda jukwaani.

Ile slaidi ya vinguzo vitatu, AA, AG na GG, yaani herufi mbili za DNA ambazo ng'ombe amerithi pale kwenye kilele, imenitia wasiwasi. Juu ya GG umeandika "asilimia 100 walipona", na hao GG ni ng'ombe 4. Futa asilimia hiyo, andika "4 kati ya 4", na kila kinguzo kionyeshe idadi yake.

Kuhusu wale 240, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe kwamba idadi hiyo huona jeni zenye athari kubwa na kuzikosa nyingi zenye athari ndogo, na kwamba athari iliyopatikana kwa sampuli chache mara nyingi huonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo hicho kilele ni eneo la kuchunguzwa tena kwenye kundi jingine la ng'ombe. Usikiite "jeni ya ndigana". Swali la jambo ambalo hukulipima lijibu hivyohivyo: "Hilo hatukulipima." Kisha utulie.

Nyekundu na kijani usizitie kwenye mchoro mmoja; kuna wanaume wasioweza kuzitofautisha, kwa kuwa jeni za kuona rangi hizo ziko kwenye kromosomu X. Tumia bluu na rangi ya machungwa. Beba nakala ya PDF kwenye flashi, na mwulize msimamizi wako ni matokeo gani yanaruhusiwa kuonekana kabla ya kuchapishwa. Wafugaji waliotoa ng'ombe wao washukuru kwa kutaja kaunti yao.

Jumamosi njoo na laptopu. Nitashika saa, nawe uanze na mhimili wa mlalo.

Mama yako