Meza ya Mhariri: Majibu ya Barua Zenu

Shikamoo mhariri. Mlinirudishia hadithi yangu mkasema "inahubiri". Inahusu binti aliyekatishwa masomo akaozwa. Kwani siku hizi mafunzo hayatakiwi? (Mwandishi chipukizi, Dodoma)

Marahaba. Mafunzo yanatakiwa, na jambo uliloliandikia linaniuma kama linavyokuuma wewe. Hadithi yako nimeisoma mara mbili. Ukurasa wa tatu umeandika: "Alihuzunika sana kwa sababu ndoto yake ya kuwa daktari ilizimwa na mila potofu." Hapo umenisomea hukumu kabla sijamwona binti mwenyewe. Lakini ukurasa wa tano, kwa kupita tu, umesema baba alichana karatasi ya daftari lake la baiolojia akaandikia hesabu ya ng'ombe wa mahari. Niliweka kalamu chini. Upande mmoja mchoro wa moyo alioupaka binti rangi nyekundu, upande wa pili idadi ya ng'ombe! Baada ya hapo huna haja ya kunieleza kitu kuhusu mila. Anzia kwenye karatasi hiyo. Zile aya mbili za mwisho, mjomba anapowaasa wazazi wote nchini, zifute, kisha uniletee tena.

Mnapokea kazi zilizoandikwa kwa mkono? (Msomaji, Kigoma)

Tunapokea. Andika upande mmoja wa karatasi, na usisahau kubaki na nakala.

Jarida moja lilinibadilishia maneno. Mama katika hadithi yangu alisema "Ndoo hapa", wao wakachapa "Njoo hapa". Nani ana haki? (Msomaji, Mombasa)

Wewe. Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, tena katika mkutano uliofanyika hapo hapo kwenu Mombasa, na Kimvita, lahaja yenu, kikawekwa kando pamoja na hazina yake yote ya ushairi. Usanifu umetufaa shuleni na ofisini, siukatai. Ila mama wa Mji wa Kale hamwiti mwanawe kwa lugha ya taarifa ya habari. Kazi iliyobaki ni kumsaidia msomaji wa Mwanza, ambaye akikuta "ndoo" atafikiria ya maji. Usilibadilishe neno, wala usilifungie maana kwenye mabano. Mpe mama kitendo: "Ndoo hapa," akasema, akanisogezea kigoda. Hapo nani atakosa kuelewa?

Mwalimu, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawasomi riwaya. Wananunua mwongozo, wanakariri dhamira na wanafaulu. Nifanyeje? (Mwalimu mwenzako, Kahama)

Nilifundisha fasihi kabla ya kukalia meza hii, na hili ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Siku moja niliuliza darasa dhamira za riwaya ambayo tulikuwa hatujaifungua. Mikono ikanyooka. "Ukombozi wa mwanamke, mwalimu." "Matabaka." "Umuhimu wa elimu." Majibu yote yalikuwa sahihi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka jina la mhusika mkuu. Sikuwalaumu. Mtihani ndivyo ulivyokuwa ukiwauliza, na nakala za kitabu zilikuwa saba kwa darasa zima.

Kuanzia wiki iliyofuata nikatenga dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi. Mimi nasoma kwa sauti. Kalamu chini, daftari limefungwa, hakuna swali. Mwanzoni walinitazama kama mtu anayepoteza muda wao. Wiki ya tatu nilikuwa nimefika pale mtu anarudi nyumbani usiku na kukuta mlango umefungwa kwa ndani, ndipo kengele ikalia, nikafunika kitabu. Hakuna aliyenyanyuka. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu mwaka uanze sikuwa nimeisikia sauti yake, akauliza: "Mwalimu, kwani ndani yuko nani?"

Jaribu hivyo. Fani na maudhui utayafundisha baadaye, na yatawakaa, kwa sababu watakuwa na kisa cha kuyaegemezea. Na swali lako la kwanza lisiwe "dhamira ni ipi". Waulize ni wapi walipotamani kumshika mhusika mkono asifanye alichokifanya. Watabishana mpaka nje ya darasa.

Shairi lisilo na vina ni shairi? (Malenga, Tanga)

Mabishano haya yalipamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa *Kichomi*, diwani yake ya mashairi yasiyofuata vina, mwaka 1974. Mimi nachapisha ya aina zote mbili. Ninachowaomba vijana ni wajue wanaacha nini. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na ilipita miongo kadhaa kabla msomi wa huko huko, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, hajayakusanya mashairi yake. Mengi yalikuwa vifuani mwa watu, yameshikiliwa na vina na mizani, silabi nane kwa nane. Ukiving'oa vina, mshororo wako ushikwe na kitu kingine: picha, pumzi, neno linalorudi. Mengi yanayofika mezani kwangu ni insha iliyokatwakatwa mistari, na hayo nayarudisha.

Mimi ni nesi, mara nyingi niko zamu ya usiku, na mchana nina watoto. Nitaandika saa ngapi? (Msomaji, Morogoro)

Pole kwa kazi, dada. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, tangu alipoingia idara ya forodha mwaka 1926, na vitabu vyake viliandikwa kando ya kazi hiyo. Sikwambii hivyo ili ujione mvivu; yeye hakuwa na wodi ya kuangalia. Lakini katika barua yako umegusia saa tisa usiku, wagonjwa wamelala, unasikia feni na kandambili za mama mmoja anayetembea koridoni kwa sababu uchungu umemwanza. Katika hadithi zote nilizoletewa mwaka huu, hakuna iliyonifikisha hapo. Niandikie saa hiyo moja, ukurasa mmoja tu. Nitausoma mwenyewe.