Wameshtakiwa pamoja kwa mauaji: kila mmoja ana rufaa yake

SWALI: Habari za kazi. Mdogo wangu amehukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu pamoja na wenzake wawili. Hakuna shahidi aliyesema alimwona akimpiga marehemu. Aliyemtaja ni mshtakiwa wa kwanza, kwenye maelezo ya onyo (maelezo ya mtuhumiwa baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake) aliyoandika polisi na kuyakana mahakamani. Tuna sababu ya kwenda Mahakama ya Rufani? – Msomaji, Shinyanga

JIBU: Pole sana. Angalieni tarehe kwanza. Notisi ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mfungwa anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza. Wengi hukwama hapa kwa kungoja nakala ya hukumu, wakati notisi haiihitaji. Muda ukipita, mtaanza na maombi ya kuongezewa muda, mkieleza kilichowachelewesha. Sababu za rufaa huwasilishwa baadaye, ndani ya siku 21 tangu mrufani apewe kumbukumbu za rufaa, yaani nyaraka za kesi zilizokusanywa kwa ajili ya rufaa.

Sababu nzito ni hayo maelezo. Kama mshtakiwa wa kwanza alikiri kosa humo, hilo ni ungamo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaruhusu ungamo la mshtakiwa kuzingatiwa dhidi ya mwenzake, lakini hairuhusu mtu kutiwa hatiani kwa ungamo hilo pekee. Na kwa kuwa lilikanwa, shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda la 1967 linaitaka mahakama ilipokee kwa tahadhari na, kwa kawaida, itafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono.

Chunguzeni pia lilivyoandikwa na kupokelewa. Mtuhumiwa huhojiwa ndani ya saa 4 tangu akamatwe, isipokuwa muda umeongezwa kihalali. Muda wa kumsafirisha kwa ajili ya upelelezi hauhesabiwi. Je, kama wakili alipinga maelezo hayo akidai mshtakiwa aliteswa, iliendeshwa kesi ndogo ndani ya kesi ili kuamua kama yalitolewa kwa hiari? Maelezo hayo yalipopokelewa kama kielelezo, yalisomwa kwa sauti? Kielelezo kisiposomwa, huweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Ila pingamizi la mateso lisilotolewa wakati wa usikilizwaji ni gumu kulifufua kwenye rufaa.

Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, itaegemea kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu, yaani nia ya pamoja. Si lazima watu wawe wamekaa kikao. Nia hiyo inaweza kuzaliwa papo hapo. Lakini kuwepo tu eneo la tukio hakutoshi. Chukueni mwenendo wa kesi (maandishi ya yaliyosemwa mahakamani) na penseli, mpige mstari kila panapotajwa mdogo wako: nani alimwona, akifanya nini, kwa mwanga gani, kwa umbali gani, na kama alimfahamu kabla. Maswali hayo ya utambuzi yamo katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980. Hukumu ikisema tu “washtakiwa walimshambulia” bila kupima utetezi wa kila mmoja, hiyo ni hoja ya kuandika.

SWALI: Mmoja akishinda rufaa, wenzake hutoka pia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Si lazima. Ushahidi dhidi ya mmoja ukidondoka, wa mwenzake unaweza kubaki imara, au kosa lake likashushwa kuwa kuua bila kukusudia. Kasoro ikiwa imeharibu mwenendo wote, huwagusa warufani wote, lakini hapo mahakama inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya. Kwa msimamo wa shauri la Fatehali Manji, 1966, amri hiyo haitolewi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake. Mfungwa ambaye hakutoa notisi asitegemee rufaa ya mwenzake.