Nimekuta X nyekundu ukutani, kwani kiwanja si changu?

SWALI: Asalaam alaykum mhariri. Mie niko Ngamiani hapa Tanga, nyumba ya marehemu baba, hati ina jina langu na kodi ya ardhi nalipa kila mwaka. Juzi nimeanza kupandisha gorofa moja nipangishe, fundi kashasimamisha nguzo nne, asubuhi naamka nakuta X nyekundu na maandishi SIMAMISHA UJENZI. Kiwanja changu, hela yangu, simenti yangu, serikali inaingiaje hapo? Na nikiipaka chokaa hiyo X?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, pole. Chokaa usiguse kabisa, utajiongezea kesi juu ya kesi.

Hati inakupa kiwanja, haikupi ruhusa ya kujenga utakacho. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ndo mdhamini, iko hivyo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, wewe unaitumia kwa masharti yaliyoandikwa humohumo kwenye hati (itoe kabatini uyasome, wengi wetu hatujawahi). Halafu Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ndo inaipa halmashauri meno, kuendeleza kiwanja cha mjini lazima upate ruhusa kwanza, na gorofa sio ukarabati hata fundi akuapie. Wala si mambo ya juzi, kanuni za ujenzi mijini zipo toka 1930 enzi za Mwingereza.

Ila mie nna swali langu, huo msingi wa mzee ulichimbwa ubebe nini? Kama ulikuwa wa bati na mbao basi piga hesabu, jamvi la zege la chumba kimoja tu cha mita 4 kwa 4, unene sentimita 15, lina karibu tani 6, hapo hujaweka kitanda wala mpangaji. Likishuka halikuangukii wewe peke yako, ukuta wa jirani si uleule tu umeshikana na wako? Dar tumeona, Machi 2013 gorofa la mtaa wa Indira Gandhi liliua watu zaidi ya 30, na Kariakoo tena Novemba 2024.

Halmashauri nazo siwasafishi, unahangaika na kibali miezi, rangi nyekundu inafika siku moja, tena nguzo zikiwa zishasimama hela imeshaenda. Hilo linaudhi kweli.

Sa hivi simamisha kazi, beba hati na risiti zako nenda ofisi ya mipango miji, uliza wanataka michoro gani. Tafuta msanifu na mhandisi waliosajiliwa, na mhandisi achimbe shimo pembeni ya msingi auone kwa macho, asikuchoree akiwa mezani. Na zile nguzo nne muulize fundi mchanga katoa wapi, maana hapa kwetu wapo wanaochota wa pwani kwa kubana hela na chumvi inakula nondo kimyakimya ndani ya zege. Kama fungu limebaki hapo uwani, chukua punje uonje.