Kuprinti kwenye mbao: angalia mbao kabla ya mashine

Ndugu, umeuliza kama hiyo printa yako ya roli inaweza kuprinti kwenye mbao nene za sm 2. Usijaribu kabisa, ile imetengenezwa kuvuta stika na mabango. Tafuta mtu mwenye mashine ya UV (yaani mwanga wa urujuanimno) ya meza bapa, mbao inalala tu mezani, hedi (kile kichwa kinachorusha wino) inapita juu yake na taa za UV zinakausha wino papo hapo.

Sasa shida kubwa ni mbao kupinda, maana hedi inapita milimita 1 au 2 tu juu yake, ikigusa sehemu iliyoinuka umeua hedi na hedi ni ghali jamani. Weka rula ndefu juu ya mbao, inama uangalie kwa pembeni, ukiona mwanga unapenya chini ya rula rudisha hiyo mbao. Na iwe kavu kweli, mbao mbichi itapinda hata baada ya kuprinti.

Piga msasa laini, futa vumbi lote. Mbao ikiwa nyeusi omba wapige wino mweupe kwanza chini ya picha, bila hivyo rangi zinazama, ila ukitaka mistari ya mbao ionekane (mimi ndo naipenda hivyo) usiweke huo mweupe.

Printi kipande kidogo kwanza, subiri siku moja, kwaruza miraba kwa wembe, bandika selotepu uivute kwa nguvu. Wino ukitoka nayo, unahitaji praima, yaani dawa ya kupaka kwanza ili wino ushike.